Mkurugenzi Asifiwe

Idara ya Ustawi wa Lugha Zisizo na Bajeti, Kismayo, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba imeliokoa jarida la *Kwechu*, yaani "Kwetu", jarida pekee la tungo za Kibajuni. Wananchi walipongezwa papo hapo, maana wakiachiwa wenyewe husahau kujipongeza.

Mkurugenzi Abdulmalik alikuwa hajalala kwa ajili ya jarida hilo. Aliunda kamati ya kutafakari umaskini wa jarida. Kamati ikatafakari hotelini, kwa samaki wa kupaka na sharubati ya embe, mpaka ruzuku ya jarida ikamalizika. Ripoti ikatoka, haina kigugumizi: jarida halina pesa. Mkurugenzi aliisoma akaridhika. Sasa umaskini ulikuwa wa kitaalamu.

Kesho yake umaskini wenyewe ukaingia ofisini umevaa buibui. Alikuwa Bi Mashavu, mhariri wa *Kwechu*, ambaye pia ndiye mpiga hodi wa kila afisi yenye kiyoyozi.

"Mkurugenzi, toleo jipya lishachapwa," alisema. "Gharibu mpiga chapa kalikalia. Asema Alhamisi ikipita hajalipwa, awauzia wapika bajiya wafungie."

"Basi litawafikia watu wengi," alisema Mkurugenzi, ambaye aliamini katika kuangalia upande mzuri wa hasara za wengine.

"Litawafikia na mafuta. Na likienda hilo, Gharibu hachapi tena. *Kwechu* limekwisha."

Mkurugenzi alitaka kujua kwa nini haliuziki. Bi Mashavu akamweleza kwamba kisiwa cha Chovae hununua nakala moja. Mmoja husoma, kijiji kizima husikiliza. Watu wa kisiwa cha Kudha nao hawanunui, huazima ile ile ya Chovae.

"Mna tatizo la masikio," alisema Mkurugenzi akiandika. "Masikio yasiyolipa. Nitaunda kamati ndogo."

"Mwanangu, usiunde kichu. Nilipie Gharibu."

"Idara hailipi, Bi Mashavu. Idara huhudhuria."

Akamweleza mpango. Jumatano jioni ingefanyika Sherehe ya Kuokolewa kwa Jarida, na Naibu Waziri angekuwa mgeni rasmi. Sharti lilikuwa moja, tena dogo: liimbwe shairi la kuusifu uongozi.

"Jina langu litajwe. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya historia."

Bi Mashavu akauliza: "Litajwe mara ngapi?"

"Usijibane."

Hakujibana. Jumatano, uwanja ukiwa umefurika, alisimama na wanawake wenye matari akamsifu Mkurugenzi kuanzia babu yake mzaa babu hadi ndevu zake. Mkurugenzi alikaa kitini mbele, juu ya zulia, pembeni mwa Naibu Waziri, akitikisa kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayekubaliana na kila neno. Watu wakapiga vigelegele. Kisha matari yakanyamaza, yote kwa pamoja, na uwanja mzima ukamgeukia.

Mkurugenzi alikuwa mzaliwa wa pwani, alijua. Mtu akiimbwa jina hadharani hutuza. Asipotuza, waimbaji hawaendelei na hawaondoki; husimama wakimtazama mpaka aibu iingie katika ukoo. Katika mipango yote ya sherehe, kamati haikulitafakari hilo.

Akajipapasa mifukoni, akatabasamu. "Bahati mbaya sikubeba noti."

"Siku hizi nani abeba noti," alisema Bi Mashavu kwa huruma. Tari likalia, naye akaimba nambari ya simu ya Gharibu, tarakimu moja moja, kwa vina, wanawake wakimwitikia. Walipomaliza wakairudia, kwa wale wenye wino hafifu kichwani.

Mkurugenzi akatoa simu. Akabonyeza.

Gharibu, aliyesimama nyuma, akatazama yake. "Imeingia," akatangaza. "Ndogo."

"Ndogo," wakaitikia wanawake, na matari.

Mkurugenzi akabonyeza tena. Jasho lilimfika kwenye zile ndevu zilizosifiwa.

"Hii ya mchu mzima," alisema Gharibu. "Bi Mashavu, kesho njoo uchukue majarida yako."

Vigelegele. Bi Mashavu akashusha pumzi, akageuza uso taratibu kwenye kiti cha pili. "Na huyu mgeni wechu, jina lake nani?"

Kiti kilikuwa kitupu. Naibu Waziri alikuwa amekumbuka kikao cha dharura.

Jumamosi Mkurugenzi aliitwa kwa Naibu Waziri, akasimamishwa mbele ya meza kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Mkubwa akapiga simu, kwa upole ambao wananchi hawajawahi kuusikia, na sauti ya Bi Mashavu ikasikika mpaka mlangoni.

"Bi Mashavu, nimeona nililipie jarida lenu mwaka mzima."

"Ahsante, baba. Toleo lijalo tukutungie beti ngapi?"

"Hakuna haja ya kutungiwa."

"Japo ubeti mmoja, baba? Twakuonea haya."

Naibu Waziri alifumba macho.

"Miaka miwili," alisema.