Stesheni Isiyo na Mtu

Jumatatu, 4 Machi

Chama cha wapiga picha kimeamua. Jumamosi ukuta wa ukumbi wa kusubiria pale stesheni utatundikwa picha za mwanachama mmoja. Mmoja tu. Mada ni stesheni yenyewe. Tumebaki mimi na yule tunayemwita Miwani. Wengine wawili wamejitoa kwa sababu ya magoti. Miwani anapiga picha za vitambulisho, kutwa anatazama nyuso. Ya kenchi za paa na matao atayajulia wapi?

Binti yangu alipiga simu. Miaka miwili hajatia mguu hapa. Jumapili atabadilisha treni, ana dakika ishirini na tano. Akauliza kama nitakuwepo. Nikamjibu nitaona. Sikumwambia lolote kuhusu ukuta. Nataka aingie ukumbini peke yake, akute jina la baba yake, ajivune. Nikikaa naye kwenye benchi nitamwambia nini? Tangu mama yake afariki tunaulizana habari za mvua tu.

Jumanne, 5 Machi

Saa moja asubuhi. Mwanga unaingia kwa madirisha ya juu, unakata ukumbi vipande vipande. Filamu nyeusi na nyeupe inapenda hivyo: ukuta, kivuli, kimya. Tatizo watu. Wamekaa kila mahali na mizigo yao, utadhani stesheni ilijengwa kwa ajili yao.

Nikapata hila. Nikafunga kamba kati ya nguzo mbili za pembeni ili wakusanyike huko, nikasimama upande wa pili nimekunja uso kiserikali. Dakika tano tu, watu kama thelathini wamepanga foleni. Hakuna aliyejua foleni ya nini. Mama mmoja akaniuliza kama fomu zinatolewa hapa au dirisha la pili. Nikamwambia hakuna fomu. Akasema basi watasubiri.

Mkata tiketi akatoka kwenye kibanda chake, akaniamuru nifungue kamba, kisha akanikaribisha chai. Nikakataa. Mwanga haungoji chai. Kugeuka, Miwani yuko mlangoni na kamera yake, anatabasamu.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimewavizia. Kati ya treni ya saa nne na ya saa sita ukumbi unapungua watu. Wachache waliobaki nikawasogeza mmoja mmoja. Nikapiga, nikapiga. Filamu ni ya picha thelathini na sita, lakini namba kwenye kamera ilifika thelathini na sita na mkono bado unavuta. Thelathini na nane. Arobaini na moja! Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mbabaishaji. Hata kuirudisha kwenye kopo lake ilikuwa laini ajabu.

Jioni dada yangu alipiga simu, akauliza leo nimeongea na nani. Nikamwambia watu wengi. Akauliza nimewaambia nini. Nikamwambia, "Sogea." Akaniuliza kama nimekula. Dada hajui sanaa. Tulipomaliza nikawasha redio ili nyumbani kuwe na mtu. Nilijisikia mpweke, sifichi. Nikala, nikidhani ni njaa. Haikuwa njaa.

Alhamisi, 7 Machi

Bafu ndilo chumba changu cha giza. Blanketi mlangoni, dawa kwenye kopo, saa mkononi. Nikaisafisha filamu kwa utaratibu wote, nikaitoa, nikaiinua kwenye taa.

Haina kitu. Hakuna tao, hakuna nguzo. Nikalaumu dawa. Nikalaumu maji. Nikamlaumu Miwani, ingawa hajawahi kuingia bafuni kwangu. Kisha nikaichunguza kamera. Ncha ya filamu haikunasa kwenye kigurudumu nilipoipachika. Namba zimekwenda, filamu imelala palepale. Picha arobaini na moja, zote nimepiga hewa. Miaka thelathini na kamera, kosa la mtu wa siku ya kwanza. Nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea muda mrefu, sina wa kumwambia.

Jumamosi, 9 Machi

Jana mvua kutwa, sikupiga hata moja. Miwani ameshinda bila mpinzani. Picha zake zimetundikwa na zimejaa watu: wanaosinzia, wanaoagana, wanaokula. Jengo linachungulia nyuma yao. Na katikati, kubwa kuliko zote, mimi na kamba yangu na ile foleni. Chini ameandika: "Afisa Asiyejulikana." Watu wanashika mbavu. Mkata tiketi kaniambia nimetoka vizuri.

Binti yangu asiione kabisa. Mpango: nimlaki jukwaani treni inaposimama, nimzuie huko dakika zote ishirini na tano. Kamera itakuwa kisingizio.

Jumapili, 10 Machi

Alishuka, akaniona, akadondosha begi, akanikumbatia. Amekonda. Akasema, "Baba, sikutegemea ungekuja." Machozi yalimlengalenga. Na mimi pia, kidogo. Tukakaa kwenye benchi. Akanishika mkono, akaniambia kuna jambo alitaka kunieleza uso kwa uso, simu haifai.

Hapo wingu likapasuka. Jua likashuka kwenye kenchi za paa la jukwaa, likaziandika zote chini kwenye sakafu, moja moja. Sijapata kuona. Nikamwomba aliweke kando jambo lake kidogo, asogee nyuma ya nguzo. Akasogea. Kivuli chake bado kikaonekana. Nikamwomba asogee tena. Wingu likarudi. Tukangoja, yeye kule, mimi huku. Akaniomba basi nimpige yeye, hata moja. Nikamweleza kwamba alfajiri nimepiga nyingi kujaribu kama filamu imenasa, imebaki moja tu.

Treni yake ikaingia. Akapanda. Ikaanza kuondoka, jukwaa likabaki tupu, na jua likafunguka. Kulikuwa na mkono wake tu nje ya dirisha, unapunga. Nikamwashiria aurudishe ndani. Akaurudisha. Nikafyatua.

Jumatatu, 11 Machi

Imenasa! Nimeisafisha asubuhi hii, haina doa. Kenchi zote, nguzo zote, benchi, na hakuna mtu hata mmoja. Picha bora ya maisha yangu. Mwaka ujao Miwani atanitambua.

Nimechapa nakala, nimempelekea binti yangu kwa posta. Nyuma nimemwandikia kwamba safari nyingine apande treni ya mchana, ya asubuhi inaleta watu wengi mno. Na lile jambo lake asiwe na haraka nalo, atanieleza akipita tena.