Ramani ni ya Watu wa Illinois

Verlyn Gunderson hajawahi kupotea. Muulize mwenyewe. Usipomuuliza atakwambia hivyo hivyo, tena atakushika mkono usije ukaondoka kabla hajafika mwisho.

"Mimi nifunge kitambaa machoni," husema akijipiga kifua, "unizungushe kama pia, unitupe katikati ya msitu wa kaskazini, theluji inaanguka. Ukirudi nyumbani utanikuta mezani nakunywa supu!"

Mkewe, Trina, huyasikiliza maneno hayo akiwa ameangalia dari. Ni yeye aliyekwenda kumwokoa Verlyn kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi, alipozunguka akitafuta gari lake mpaka mlinzi akadhani anataka kuiba la mwenzake. Lakini hiyo, Verlyn anavyoeleza, haikuwa kupotea. Lililopotea ni gari.

Huyo basi ndiye mwanamume aliyeipeleka familia yake kwenye shamba la Bibi Ostby, Jumamosi moja ya Oktoba, jimbo zima la Wisconsin, kule Marekani, likiwa limejipaka majani mekundu na ya manjano kama bibi harusi aliyenyimwa kioo. Watu walikuwa wamefurika. Wengine wanabeba maboga makubwa kama vitambi vyao, wengine wanapuliza juisi ya moto ya tufaha, wengine wanabugia donati mpaka sukari inaganda kwenye ndevu. Na wengine wamepanga foleni, wametoa hela zao halali, wanangoja zamu ya kwenda kupotea.

Ndiyo, kupotea! Kila mwaka Bibi Ostby anakata vichochoro ndani ya shamba la mahindi makavu, mahindi marefu yasiyokuonyesha hata paa la ghala. Vichochoro vyenyewe vinapinda, vinaziba, vinarudi vilikotoka. Watu wazima, wenye akili zao na mikopo ya nyumba, wanaingia humo kutafuta pa kutokea, na wakitoka wanashangilia kama wametoka vitani.

Lakini siku hiyo kulikuwa na jambo zito kuliko mahindi. Binti yao, Britta, alikuwa ameingiza pai yake kwenye mashindano kwa mara ya kwanza. Pai ya tufaha, na tufaha zenyewe za mti aliopanda marehemu babu yake. Alimenya, akajikata kidole, akalia, akamenya tena. Sasa pai imekaa mezani, imeinama kidogo upande mmoja, katikati ya pai za akina mama waliokuwa wakishindana tangu Verlyn anavaa nepi. Na sheria ya Bibi Ostby haina huruma: kengele ikilia, kila mpishi asimame nyuma ya pai yake aeleze alivyoipika. Asiyekuwepo, pai yake inaondolewa na kupewa madereva wa matrekta. Madereva walishaanza kusogea karibu na meza, wamejishikia uma.

"Baba, tukae hapa hapa," Britta alisema.

"Tukae? Mpaka tuote mizizi? Twende kwenye mahindi! Tunaingia huku, tunatokea kule, kufumba na kufumbua."

"Ukifumba wewe," alisema mama mkwe, "tutafumbuliwa na zimamoto."

Huyo ni Arlys, mama yake Trina. Magoti yake yalishastaafu, anatembelea mkongojo, lakini mdomo bado uko kazini na haujawahi kuomba likizo.

Mlangoni pa mahindi Bibi Ostby mwenyewe alisimama, bibi mfupi mwenye buti za mpira. Akampa Verlyn karatasi.

"Ramani."

Verlyn akacheka kwa sauti ili foleni yote isikie. "Ramani? Mama, ramani ni ya watu wa Illinois!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, maana Wisconsin hakuna utani mtamu kama wa kumcheka jirani wa jimbo la Illinois, isipokuwa jamaa mmoja mwenye miwani, aliyekuwa ametoka Illinois asubuhi ile na ramani yake ameikunja vizuri.

"Basi chukua bendera," alisema Bibi Ostby, akimpa kitambaa chekundu kwenye mti mrefu. "Hii si hiari. Ukishindwa, inua juu, nakuja kukutoa."

Verlyn akaipokea kwa vidole viwili, kama nepi ya mtoto wa jirani.

Wakaingia. Kushoto, kulia, kushoto. Verlyn mbele, kofia yake ya kuwindia ya rangi ya chungwa imekaa kichwani kama taji. Akanusa hewa. Akatafuta jua, jua likajificha nyuma ya wingu, nadhani kwa aibu. Akashika bua la hindi akalichunguza.

"Mahindi yameinamia mashariki," alitangaza. "Maana yake mlango uko kule."

"Yameinama kwa sababu yamekufa, mkwe," alisema Arlys.

Verlyn akatoa mfuko wa bisi mfukoni, akaanza kudondosha moja moja njiani. "Alama," alieleza. "Mbinu ya wawindaji."

"Unaweka alama ya mahindi ndani ya mahindi?" aliuliza Trina.

Verlyn akadondosha bisi nyingine. Kiongozi hajibizani na msafara.

Wakafika penye sanamu la kutishia ndege, lina kofia ya kijani na mkono mmoja. Wakalipita. Wakapinda, wakapinda tena, wakakuta sanamu lina kofia ya kijani na mkono mmoja.

"Baba, huyu tumeshamwona."

"Wanafanana tu. Bibi Ostby ananunua kwa jumla."

Walipolifikia tena, Arlys alilipungia mkono. "Hujambo, bwana. Ni sisi tena. Watoto hawajambo?"

Britta hakucheka. Alikuwa ameshika upindo wa sweta ya mama yake, macho yamejaa. "Baba, kengele italia. Inua bendera. Tafadhali."

"Bendera?" Verlyn alishtuka kana kwamba ameambiwa avue suruali. "Mimi? Wenzangu wa uwindaji wako pale nje wanakula soseji! Wakiiona bendera yangu juu, mpaka nife wataniita nani?"

"Pai yake je?" aliuliza Trina, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Pai itashinda tu! Subirini hapa hapa. Nakwenda kukagua mbele, narudi sasa hivi." Akaichomeka bendera ardhini kando ya sanamu, maana ilikuwa inamchosha mkono, akayoyoma.

Akakagua kichochoro kilichoziba. Akakagua kingine kilichoziba zaidi. Akakagua choo cha kubebeka, akadhani ni mlango wa kutokea, akamwomba radhi aliyekuwa ndani. Mwishowe, kwa bahati wala si kwa akili, akarudi penye sanamu.

Bendera haipo. Mke hayupo. Mtoto hayupo. Chini kuna ganda la pipi ya mnanaa ya mama mkwe.

"Mungu wangu!" Verlyn alisema. "Wamepotea!"

Na usidhani alihuzunika. Moyo ulimruka kwa furaha! Sasa si mtu anayetafuta mlango. Ni shujaa anayekwenda kuokoa. Akaweka mikono mdomoni. "Trinaaa! Brittaaa! Msiogope! Nakuja!"

Upande wa pili wa mahindi ikajibu sauti ya upole. "Umepotea, kaka?"

Alikuwa yule jamaa wa Illinois.

"Hapana! Natafuta waliopotea."

"Nina ramani hapa, nikuonyeshe?"

"Asante," Verlyn alisema akikaza shingo, "mimi nina uzoefu."

Ndipo kengele ikalia. Vipaza sauti vikakoroma, na Bibi Ostby akaanza kuwaita wapishi. Mara likatajwa jina ambalo Verlyn alilichagua mwenyewe hospitalini: Britta Gunderson.

Akaganda. Kikapita kimya kirefu, cha kutosha kuondoa pai mezani. Kisha ikasikika sauti ndogo inayotetemeka.

"Tufaha ni za mti wa babu. Bibi yangu alinifundisha kukanda unga. Mama alinifunga kidole. Baba..." Sauti ikasita. "Baba bado yuko kwenye mahindi."

Shamba likalipuka kwa vicheko mpaka kunguru wakaruka. Kumbe mama mkwe aliinyanyua bendera kabla hata kisigino cha mkaguzi hakijapinda kona!

Verlyn akavuta pumzi. Sawa. Atafuata sauti, moja kwa moja, katikati ya mabua. Akajitosa. Majani makavu yakamchana mashavu, mabua yakampiga magoti, gunzi likamwingia kolani. Lakini Bibi Ostby alikuwa amefunga vipaza sauti kila pembe ya shamba, na kila alipogeuka pai zilisifiwa kutoka upande mwingine. Akapasua safu ya mwisho kwa kishindo, mikono juu, tayari kushangiliwa.

Akakutana uso kwa uso na kofia ya kijani.

Wakatazamana. Sanamu halikusema kitu. Lingesema nini?

Taratibu, Verlyn akang'oa bua. Akavua kofia yake ya chungwa, akaitundika juu ya bua, akainua.

Bibi Ostby alikuja na trekta dogo, limefungiwa nyuma msururu wa mapipa yaliyopakwa rangi ya ng'ombe, ya kuzungusha watoto.

"Panda."

"Natembea tu, mama."

"Ulipokuwa unatembea uliishia hapa. Panda."

Akajikunja ndani ya pipa la ng'ombe mdogo kabisa, magoti yamefika masikioni. Njia ya trekta, ee ndugu yangu, inapita mbele ya banda la soseji. Wenzake wa uwindaji walipomwona walisimama wote, wakavua kofia, wakaziweka kifuani, kama wanavyofanya jeneza likipita.

Akashushwa kwenye benchi la watoto waliopotea. Akabandikwa boga la karatasi kifuani kama wenzake. Mtoto mmoja mwenye makamasi akamhurumia, akampa nusu ya donati aliyokuwa ameshainyonya. Na kipaza sauti kikatangaza: "Tumempata mmoja. Ana kofia ya chungwa. Mkubwa kidogo. Wenyewe waje kumtambua."

Wenyewe wakaja bila haraka. Trina anakula pai kwa uma. Arlys anafuta mdomo. Britta ana utepe mweupe wa nafasi ya tatu kwenye sweta, na anautembeza kama jenerali.

"Simtoi mpaka atambuliwe," alisema Bibi Ostby. "Huyu ni wenu?"

Trina akamkagua kuanzia kofia mpaka buti. "Wengine hawapo?"

"Wameshachukuliwa wote."

"Mimi simfahamu," alisema Arlys. "Niliyekuja naye alikuwa na mbinu za wawindaji."

Bibi Ostby akainama kwa Britta. "Basi tumuulize mtoto. Mtazame vizuri, mwanangu. Huyu ndiye baba yako?"

Verlyn akatabasamu, gunzi bado limechomoza kolani. Britta akamtazama kwa makini, akaushika utepe wake, akatikisa kichwa.

"Siyo yeye," alisema. "Baba yangu huwa hapotei."