Treni Iliyoingia Debe la Mbuni

Jumapili, 2 Novemba 2025

Leo nimeanza kitabu hiki. Daftari la kurasa tisini na sita na penseli mpya. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini darasa la tatu la zamani, si hili la siku hizi. Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Gatakaa anasoma Kiembu haraka sana. Kiswahili cha kuandikwa humchosha macho. Siri zangu ziko salama.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ijayo wageni wanatoka Kiirua, huko Meru, kuleta ruracio, mahari ya mjukuu wangu Karimi. Kijana anaitwa Kinoti. Mzuri tu. Miguu mirefu kidogo. Swali ni moja. Siku ya mahari, nani atakuwa mdomo wa nyumba hii? Mimi Rwamba ndiye kifungua mimba. Lakini ndugu yangu mdogo Njue anasema anafaa yeye, kwa sababu alikuwa karani wa chifu na bado ana meno yote. Meno! Kwani wageni wanakuja kuumwa? Tulibishana mlangoni mwa kanisa mpaka pasta akarudi ndani.

Karimi akatuita kwenye gari lake. Akasema guka zake, yaani babu zake, wasimwaibishe. Akatoa maboksi mawili ya pazo. Pazo ni picha kubwa ambayo mtu ameikatakata vipande makusudi, halafu wewe mwingine unaanza kuirudisha. Akasema atakayemaliza kwanza, kabla ya jua kuzama Ijumaa, ndiye atakayeongea. Tuchague.

Zote ni picha za katuni za zamani. Moja ina nguruwe wanne wanaocheza densi, vipande mia tano. Nyingine ina mbwa mwitu wa kaptula na glavu nyeupe anayemfukuza jogoo juu ya treni, vipande elfu moja. Karimi akanishauri nichukue ya nguruwe, ati nihurumie macho. Nikamuuliza tangu lini kifungua mimba anagawiwa fungu dogo. Nikapima maboksi kwa mikono, kama kahawa. Zito ndilo langu! Njue akabeba nguruwe wake akitabasamu. Meno yote.

Isitoshe huyo mbwa mwitu namjua. Tukiwa wavulana, sinema ya gari ilikuja sokoni, ikafunga shuka jeupe, ikatuonyesha mnyama wa aina hiyohiyo. Treni ilipotujia usoni Njue alikimbia. Mimi pia nilikimbia, lakini nilikuwa namtafuta Njue.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeanza kazi. Karimi aliacha maagizo, ati watu wote huanza na vipande vya pembeni, vyenye upande ulionyooka, ndipo waingie katikati. Nikacheka. Nani hujenga ua kabla ya nyumba? Gatakaa akasema baba yangu ndivyo alivyofanya, na ng'ombe wake hawakuwahi kupotea. Nikabeba boksi nikatoka nje. Mtu mwenye pazo hajibizani.

Mimi nina njia yangu. Miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi kiwandani. Mkulima alimwaga kahawa yake sakafuni, mimi nikasimama na fimbo. Nyekundu pita. Ya manjano rudi. Nyeusi, iliyokauka, iliyooza, hiyo ni mbuni, tupa kwenye debe! Hakuna aliyewahi kunipitishia mbuni. Hata mama mkwe wangu nilimrudishia.

Basi nikamwaga pazo kwenye meza ya waya ya kuanikia kahawa, hapo uani. Nikachambua mpaka saa kumi. Nyekundu safi. Bluu nyingi ajabu, sijawahi kuona kahawa ya bluu lakini nilizihurumia. Nyeusi nikazitupa kwenye debe la mbuni, tena zilikuwa nyingi sana. Huyo mtengenezaji hana aibu. Debe zima la uchafu!

Mgongo unauma. Roho imetulia.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua! Niliacha vipande kwenye waya nikaingia kunywa chai. Nikasikia paa linalia. Nilipotoka bluu yote ilikuwa inaogelea, na vidogo vimepenya waya vikaanguka chini. Kuku wakafikiri ni Krismasi. Nilimkimbiza tembe mmoja mpaka kwenye migomba akiwa na glavu nyeupe mdomoni. Nikamwambia Gatakaa hii ndiyo katuni yenyewe. Hakucheka. Aliokota.

Tumekausha vipande kando ya jiko. Vimevimba kidogo lakini vina afya.

Jambo lingine. Mke wa mwanangu, Nelius, mama yake Karimi, ana tabia mpya. Anatembea na daftari kama langu. Asubuhi nimempata zizini anamwambia ng'ombe kwamba nyumba yetu inawakaribisha kwa moyo mweupe. Nikapita polepole nisimkatize. Anaombea wageni. Mwanamke mcha Mungu sana. Ni mimi niliyesema mwanangu amwoe.

Jumatano, 5 Novemba

Muujiza. Baada ya chakula cha mchana nililala kidogo kichwa kikiwa mezani. Nilipoamka pembe zote nne za pazo zilikuwa zimeunganishwa, ukingo mzima, umenyooka kama waya wa shamba. Lazima niliufanya usingizini. Mikono ya mkaguzi haisahau kazi. Gatakaa alikuwa pembeni akimenya viazi, akasema hajaona kitu.

Jioni nikaenda kwa Njue kupeleleza. Nikasema nimekuja kuazima pampu ya dawa. Akaniuliza napuliza nini wakati wa mvua. Nikasema hilo ni langu. Mezani kwake nikaona nguruwe watatu wamekamilika na wa nne yuko mpaka kiunoni! Njue akaniambia nisihuzunike, siku ya Jumamosi nitapewa kiti kizuri karibu na choo. Akacheka peke yake. Alipokwenda kuniletea uji, nikachukua kipande kimoja. Jicho la nguruwe wa nne. Nikaliweka ndani ya kofia, nikavaa kofia, nikanywa uji wote. Uji mtamu. Nikamsifu.

Alinisindikiza mpaka kwangu, akaingia, akalitazama pazo langu kwa muda mrefu, mikono ndani ya koti. Akasema nimejitahidi. Wivu ulimjaa mpaka mifukoni.

Alhamisi, 6 Novemba

Hatari!

Leo picha imekubali. Mbwa mwitu amesimama, jogoo ameruka, moshi mweupe umejaa angani. Lakini wako juu ya nini? Hewani! Hakuna treni. Nimetafuta chini ya meza, chini ya kuku, ndani ya Biblia. Nikatazama kifuniko cha boksi. Treni ni nyeusi.

Nyeusi!

Nikakimbilia debe la mbuni. Tupu. Nikamuuliza Gatakaa. Akasema alilimwaga kwenye gunia la mbuni Jumanne, na gunia limekwenda kiwandani leo alfajiri kwa punda wa jirani. Akasema mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, cha kwenye debe la mbuni hakiulizwi.

Nikaenda kiwandani kwa mguu, nikiwa na fimbo yangu ya zamani ili wanitambue. Walishanitambua. Cicily, karani wa mizani, alikuwa amemwaga gunia letu sakafuni na foleni nzima ya wanawake imelizunguka. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, mzee Rwamba analima nini siku hizi, kwa maana mbuni yake ina magurudumu. Mwingine akasema reli haijawahi kufika Embu tangu dunia iumbwe, lakini leo treni imefika mpaka kwenye mizani. Wakacheka wakashikana mabega. Na mmoja wao ni mtoto wa yule niliyemrudishia debe tatu mwaka wa themanini na nane. Alicheka kuwapita wote.

Nikawaambia huu ni mtihani niliouweka kuona kama kiwanda bado kinakagua vizuri. Kimepita.

Nikasimama na fimbo, wao wakachambua. Lazima niseme kweli, wana macho. Wakisubiri mizani wakaanza kuunganisha hapohapo sakafuni, huyu gurudumu, huyu bomba, na kabla ya saa tisa treni nzima ilikuwa imelala juu ya gunia. Niliongoza vizuri sana. Cicily akanisaidia kuibeba nyumbani juu ya ubao. Inanuka kahawa. Sasa ni treni ya kwetu.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku yenyewe. Treni iligoma kuingia mahali pake kwa sababu bluu ilivimba na mvua. Nikachonga kidogo kwa wembe. Nikagonga kidogo kwa kiatu. Ikaingia, ila sasa inapanda kuelekea mawinguni. Nzuri zaidi. Treni ya chini kila mtu ameiona.

Saa kumi na moja nikamaliza. Vipande vyote! Isipokuwa kimoja. Kilemba chekundu cha jogoo hakipo. Shimo kichwani kama kidonda. Nikapekua nyumba nzima. Nje nikasikia Njue anapiga kelele njiani kwamba ameibiwa jicho.

Karimi alikuwa amefika kutoka Nairobi. Akatusimamisha uani, kila mtu na ubao wake. Njue akasema kuna mtu anatembea na jicho la nguruwe. Nikasema kuna mtu anatembea na kilemba cha jogoo. Akasema mwizi hupiga kelele kwanza. Nikasema ndiyo, nimekusikia kutoka barabarani. Karimi akasema kwa sauti ya chini, guka Rwamba, vua kofia. Guka Njue, geuza mfuko wa koti.

Gatakaa akaenda jikoni haraka. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Kikohozi, nadhani. Baridi ya Novemba.

Tukarudishiana. Tukaingiza kwa wakati mmoja, pap! Jua ndilo hilo linazama. Karimi akasema hajaona wa kwanza wala wa pili, wote ni washindi, wote tutakaa mbele. Nikampa Njue mkono. Tuliangaliana. Picha zote mbili zilikuwa nzuri, lazima niandike. Nguruwe wake wana afya. Akaniambia kwa heshima hajawahi kuona treni inayokwenda mbinguni.

Nimelala mapema nikirudia hotuba yangu. Inaanza na babu yangu na inamalizika baada ya saa mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku kubwa! Wameru walifika saa tano, magari matatu, mavazi mazuri. Tulikaa mbele, mimi na Njue, viti viwili vya mikono, mablanketi mapya mabegani. Mapazo yetu juu ya meza katikati. Wageni walipokaa, nilisimama nikakohoa. Njue naye akasimama akakohoa. Tukakohoa hivyo muda fulani.

Ndipo Nelius akasimama na daftari lake. Akasema nyumba yetu inawakaribisha kwa moyo mweupe. Nikashtuka. Maneno ya zizini! Kisha akaongea kama maji ya mfereji. Aliwataja wageni kwa majina, akawapa kazi ya kujieleza, wakajieleza. Msemaji wao alipojaribu kona, alimrudisha kama mbuni. Mama yake Kinoti akasema ndiye huyu waliyeongea naye kwenye simu wiki nzima, na sasa wanaona uso. Saa nane kila kitu kilikuwa kimekubaliwa, wimbo umeimbwa, mbuzi ameiva. Hakuna aliyenuna. Sijawahi kuona ruracio iliyokwisha watu wakiwa bado na njaa.

Karimi alikuwa analia na kucheka. Akaja akanishika mikono yote miwili, akasema asante guka, kwa wiki hii yote ulivyokaa pale mezani. Nikamwambia si kitu.

Ukweli ninaujua mimi. Nelius alikuwa ananitazama kila baada ya sentensi. Nilikuwa namwongoza kwa macho. Kuongea kwa mdomo ni kazi ya watoto. Mzee wao mmoja kutoka Kiirua aliinamia pazo langu saa nzima, akaacha hata nyama. Akauliza hii treni breki yake iko wapi. Nikamwambia ya kwetu haihitaji.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya kanisa nimepumzika kwa furaha. Nimeelewa mengi wiki hii. Kwanza, nilishinda.

Mwezi wa kwanza sisi ndio tutakwenda Kiirua kuwarudishia Wameru heshima. Nani atakuwa mdomo wetu huko? Nilianza kulisema hilo na Njue mlangoni mwa kanisa, pasta akarudi ndani, Karimi akatuita kwenye gari. Kumbe Kinoti ameniletea zawadi. Pazo! Na Njue amepewa lake. Masharti ni yaleyale, atakayemaliza kwanza ndiye atakayeongea. Mtoto ana haki sana huyu. Nelius alikuwa hapo karibu anafungua daftari jipya. Amemaliza lile la kwanza kwa maombi. Mwanamke mcha Mungu.

La Njue lina vipande elfu moja, ng'ombe anayepiga zeze. Langu ni elfu mbili. Nililipima kwa mikono. Karimi akaniuliza kama nimeiangalia picha. Nikamwambia mkaguzi haangalii picha, anaangalia mali.

Nimeanza mara moja, nisipoteze wakati. Nimemwaga mezani, nikashika fimbo, nikachambua. Safari hii kazi imekuwa nyepesi ajabu. Uchafu mtupu! Nimejaza debe la mbuni mpaka juu, na vizuri vilivyobaki havifiki hata mia moja, vya manjano na vyeupe. Hivyo nitaviunganisha kabla ya Jumatano. Njue atakoma.

Gatakaa amechukua kifuniko cha boksi, akakishika mbali na macho yake, akanisomea. Imeandikwa, paka weusi wakiimba juu ya paa usiku.

Nikamwambia asinivuruge. Debe lilikuwa limejaa, nikamwomba alimwage kwenye gunia.