Malalamiko Dhidi ya Leso Inayopitia Mlango wa Jikoni

Buruburu Phase III,
Nairobi.
Alhamisi, 27 Machi 2025

Kwa Mzee Nalianya,
Kimilili.

Baba Mheshimiwa,

KUH: LESO YA MAMA

Natumaini goti limepoa na shamba limelimwa. Sisi huku tu wazima, isipokuwa joto, ambalo mwaka huu limekaa Nairobi kama mgeni ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza anaondoka lini. Barua hii naiandika mchana huu nikiwa stoo, kazini, na jioni nitampa jirani yetu Opicho, anayesafiri kesho kuja huko. Nimeona niandike kwa sababu nikikupigia simu kutoka nyumbani, nyumba nzima inasikia, na upande wa pili wa ukuta wanasikia pia.

Kabla ya yote niseme wazi kwamba simlalamikii Mama. Tangu aje mwishoni mwa Februari, binti yako Everline aliporudi kazini, nyumba yetu imenyooka. Hata soksi zangu sasa zina wenzao. Ninayoilalamikia ni leso yake ya kubebea mtoto, ile kanga ya manjano yenye michoro ya korosho nyekundu. Ninaishtaki rasmi, na kwa kuwa ilitoka katika boma lako, wewe ndiwe mahakama ya kwanza.

Unajua kwamba sisi wa Murang'a hatukuwa na habari kamili ya mila zenu za Kibukusu. Everline alinieleza vizuri kabla ya harusi: mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawasemezani ana kwa ana, hawakaribiani. Niliikubali mila hiyo na ninaiheshimu, kiasi kwamba nikitakiwa leo kueleza sura ya Mama polisini, itabidi nimtume Everline. Ndiyo maana Mama hushinda kwangu mchana tu, akalala kwa binamu yake Phelister, nyumba ya tatu kutoka yetu. Hapo hakuna tatizo lolote. Tatizo ni kitambaa.

Kwa kuwa nilifika kidato cha nne na huandika shajara kila siku, nimeyapanga malalamiko yangu kwa nambari ili usisumbuke.

1. Leso hiyo huondoka na binti yangu.

Kila jioni nikirudi kutoka Industrial Area, geti letu hulia, kwa sababu halijawahi kutiwa mafuta. Likilia, Mama hutoka kwa mlango wa jikoni, kama mila inavyotaka. Nami naingia kwa mlango wa mbele, kama mila inavyotaka. Kwa bahati mbaya Wakiuru huwa mgongoni mwake, amefungwa kwa leso, amelala. Sasa, Baba, wewe ni mzazi: kumtoa mtoto mgongoni bila kumwamsha kunahitaji mtu wa kusimama nyuma na kumpokea. Mtu pekee aliyepo ni mimi, na hapo ndipo mahali hasa nisiporuhusiwa kufika. Basi mtoto huenda. Everline humchukua kwa Phelister akitoka zamu, mtoto akiwa amelala, na alfajiri mimi hutoka mtoto akiwa bado amelala. Jikoni kwangu kumekuwa mpaka wa Malaba, isipokuwa Malaba angalau mzigo hukaguliwa kabla haujavuka.

2. Ninachokijua cha binti yangu ni nyayo.

Nyayo ndizo hubaki nje ya leso, kwa hivyo ndizo nimezisoma. Katika shajara ya tarehe 12 niliandika: "Leo nimeziona zote mbili. Ule wa kushoto una mkunjo kama wangu." Wenzangu kazini wakiniuliza mtoto amefanana na nani, huwajibu kwamba kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini ni mimi mtupu. Kwingineko sina ushahidi.

Jumapili iliyopita, ambayo ni siku ya Everline ya mapumziko, nilimbeba. Aliniangalia vile mchuuzi anavyomwangalia askari wa kanjo, kisha akalia mpaka nikamrudisha kwa mama yake. Ana miezi minne. Hivi karibuni ataanza kuongea, Baba, na nina hofu ya kweli kwamba neno lake la kwanza kwangu litakuwa "karibu, mgeni".

3. Leso ina starehe kupita kiasi.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo kesi ilipo. Watu wote wanaisifu leso. Wanasema ni pamba nyepesi, inapitisha hewa, mtoto hatoki upele wa joto, akilala analala. Nakubali kila neno. Huo ndio ubaya wake! Mtoto anayestarehe hana sababu ya kushushwa. Kifaa chochote kinachomfanya mtoto alale mchana kutwa mgongoni mwa nyanya yake, katika joto la Machi, kinamnyang'anya baba yake haki ya kumsikia hata akilia.

Mimi sikukaa kulalamika tu. Nilienda mjini nikanunua kibebeo cha kisasa, chenye mikanda minne, sponji mabegani, na vifungo vya plastiki kama vya begi la shule. Kwenye boksi lake kuna picha ya baba Mzungu anayetabasamu, amevaa sweta, na nyuma yake kuna theluji. Uzuri mkubwa wa kibebeo hicho ni kwamba hakuna mtoto wa Nairobi anayeweza kulala ndani yake. Nilikijaribu Jumapili hiyo hiyo. Kabla hatujafika madukani, mimi na Wakiuru tulikuwa tumelowa kama watu waliookolewa mtoni. Mama wa mboga aliacha kukata sukuma akaniita, "Baba Wakiuru, mtoto umemfunga godoro? Anachemka huyo!" Vijana wanaoosha magari nao wakauliza, "Niaje buda, unaenda vita?" Nikaongeza mwendo. Mtoto alikuwa macho, analia, na anahitaji kutolewa mara moja. Ukitaka mtoto akabidhiwe kwa baba yake bila kuchelewa, hutapata chombo bora zaidi.

Zaidi ya hayo, kibebeo hukaa kifuani. Aliyekivaa hujifungulia mwenyewe vifungo viwili, akaweka kila kitu juu ya kiti, mtoto akiwa ndani, akaenda zake. Hakuna mgongo unaokaribiwa. Ukifikiria vizuri, kilibuniwa kwa ajili ya mama mkwe wa Kibukusu, ingawa kampuni haikuandika hivyo kwenye boksi.

Nilikiacha mezani, pamoja na karatasi ya maelezo ya lugha saba, ili Mama akione. Jioni nilikikuta kimetundikwa msumarini jikoni, kimejaa vitunguu. Everline anasema vinapata hewa nzuri.

4. Leso hubadilisha jina.

Mtoto huyu aliitwa Wakiuru, jina la mama yangu, kwa desturi yetu, na wewe mwenyewe ulikuwepo ukala. Sasa Mama anamwita Nasimiyu, kwa kuwa alizaliwa kiangazi. Sina ugomvi na kiangazi. Lakini mtoto anaingia katika leso akiwa Wakiuru na anatoka akiwa Nasimiyu, na nikimwita Wakiuru anatazama ukutani. Jumapili hiyo hiyo Phelister alimwita Nasimiyu kutoka barabarani, na mtoto, niliyekuwa nikijitahidi kumchekesha dirishani, akageuka akacheka. Akacheka, Baba! Mimi nilikuwa nimevaa sufuria kichwani.

5. Leso inahatarisha taifa.

Usicheke. Mtoto wa leso hutazama dunia kwa upande, shavu moja limebanwa. Haoni anakokwenda, anaona tu vitu vikipita, na kila akitikisika mtu mwingine anamsawazisha. Anazoea hivyo. Akikua, ndiye huyo anayeendesha pikipiki kwa upande usiofaa wa Jogoo Road akiamini kuna mtu atamsawazisha, na akizeeka tunampa cheo. Sisemi nchi yetu ingekuwa kama ya yule Mzungu wa kwenye boksi. Nasema tu yeye anaangalia mbele.

Kwa hayo yote, Baba, naomba mojawapo ya mambo yafuatayo. Kwanza, uiagize leso ifungwe kifuani, Mama aweze kuifungua peke yake. Hilo likishindikana, geti likilia, mtoto awekwe kwenye kiti cha sebuleni na kila mtu ashike mlango wake. Na hilo nalo likishindikana, naomba kwa unyenyekevu umwite Mama nyumbani, yeye na leso yake. Nasikia unajipikia siku hizi na kwamba hata mbwa amehamia kwa jirani, kwa hivyo nadhani sote wawili tutafaidika. Kuhusu nani atamlea mtoto mchana Mama akiondoka, hapo bado sijafika katika mpango wangu.

Wasalimie wote hapo bomani: Kweyu na mkewe, shangazi Lorine, na wale wazee walionikalisha kutwa nzima juani siku ya mahari. Msalimie pia yule ng'ombe mwekundu niliyemleta. Yeye tulisafiri naye kwenye lori usiku kucha, na uso wake naukumbuka kuliko wa binti yangu.

Ni mimi, mkweo mtiifu, asiye na neno na mtu yeyote ila na kitambaa kimoja,

Dedan Chege.

N.B. Baba, naongeza haya jioni, nikiwa nyumbani, kabla Opicho hajaja kuichukua barua. Mwandiko utauona umeyumba kwa sababu naandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kabati.

Nimefika na mvua, ile ya kwanza, ya kumwagika kama imechokozwa. Geti limelia, mlango wa jikoni ukafunguka, kisha ukafungwa tena. Hakuna nyanya wa kumtoa mtoto nje katika maji yale. Kwa hivyo Mama akabaki jikoni, mimi sebuleni, mlango wa katikati umerudishwa, na mtoto ameamshwa na ngurumo, analia upande wa Mama. Nikakaa nikiyasoma matangazo ya gazeti la zamani. Mwishowe mlango ukafunguka kidogo, mikono miwili ikamweka mtoto juu ya mto pale sakafuni, ikarudi ndani. Nilipombeba akalia zaidi. Mkono ukatoka tena, ukaweka kibebeo changu, bila vitunguu. Nimeguswa sana na heshima hiyo. Nikakivaa, nikamfunga, nikatembea. Madirisha yamefungwa, hewa haipo, kibebeo kinanuka kitunguu, na mtoto amekuwa mwekundu kama nyanya.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Haikunisemesha mimi. Ilisema:

"Nasimiyu! Mwambie baba yako tumekiona kibebeo chake. Ni kizuri sana. Sasa akitoe."

Nikakitoa. Leso ikarushwa ndani ikaniangukia miguuni.

"Nasimiyu, mwambie ainame. Ainame kabisa, hajavunjika mgongo. Mwambie akulaze juu yake, miguu ikumbatie kiuno, huku na huku. Mwambie apitishe leso juu yako, kwa mkono mmoja, huo mwingine usikuachilie. Sasa avute chini ya makwapa. Akaze. Mwambie akaze! Wewe si yai."

Nilikaza.

"Akunje ncha, azisokote hapo kifuani. Haya. Sasa ainuke, atembee. Mwambie asisimame kama nguzo ya stima, hakuna mtoto aliyewahi kulala juu ya nguzo."

Nikatembea, Baba, kutoka runinga hadi mlangoni na kurudi. Nilikuwa nikisikia kifua chake kidogo kikitweta mgongoni mwangu, halafu kikapungua, halafu shavu likaanguka kati ya mabega yangu, likatulia. Wala hakuna joto. Nililitafuta, maana nilikuwa nimeandika kesi nzima, na nimepata ubaridi mzuri wa pamba. Kisha sauti ikasema polepole, "Nasimiyu, mwambie baba yako basi, inatosha," ingawa Nasimiyu alikuwa amelala na hakuwa na la kuniambia.

Mvua ilipopungua Mama aliondoka kwa mlango ule ule, mgongo mtupu, na vitunguu vyake katika mfuko wa plastiki. Nilisimama mbali na dirisha nikamwona akivuka madimbwi. Hakugeuka, kama mila inavyotaka, lakini alikuwa amejifunika kichwa kwa mkono mmoja, na nikatamani ningempa mwavuli.

Kwa hivyo naomba uyafute malalamiko nambari moja hadi tano. Mama asiitwe nyumbani kabla ya Krismasi. Kuhusu mbwa, pole. Leso nyingine ya manjano ikipatikana Kimilili, mpe Opicho akirudi. Kibebeo namkabidhi akuletee. Mikanda yake ni imara na kinaweza kubeba pampu ya kunyunyizia mahindi. Na kama kuna taratibu za mila za kulegeza mambo kati ya mtu na mama mkwe wake, nijulishe kinachotakiwa. Nataka siku moja nimshukuru bila kumtuma mtoto.

Jambo la mwisho. Sauti ilinifundisha kufunga. Kufungua haikufundisha, na Everline hajarudi. Nasimiyu amelala, sithubutu kugusa ncha wala kukaa. Ukipata barua hii, tafadhali muulize Mama kwa simu leso hufunguliwaje. Najua itakufikia Jumamosi.

Sina haraka.