Habari za Msoma Mita na Bata wa Plastiki Aliyekwama Chini ya Daraja

Sogeeni karibu, enyi watembezi wa jioni, nanyi mliokalia mabenchi ambayo rangi yake haijakauka sawasawa, nanyi mnaoyapiga maji picha kana kwamba hamjapata kuyaona. Nyamazisheni simu, kwa maana nataka kuwasimulia vita. Si vita vya mikuki wala mizinga. Vilipiganwa mchana kweupe, siku ya Jumapili, mbele ya umma, ndani ya bata. Nawe ulimi wangu, uliyezoea umbea wa mtaani, jikaze leo na unene kwa adabu, kwa kuwa jambo lenyewe ni kubwa na walioliona wameanza kulisahau.

Jueni kwanza jinsi kando ya mto ule ilivyokuwa. Kabla manispaa haijaukumbuka, palikuwa na vilima vya matairi, gereji zilizotema oili, na harufu iliyotoka kumlaki mgeni tangu barabarani. Ndipo wakaja watu wa kofia ngumu na ramani ndefu. Wakang'oa, wakafukia, wakasakafia. Wakaotesha nyasi, wakasimika vibao vya kukataza nyasi zisikanyagwe. Wakajenga gati dogo la mbao na daraja jembamba la waenda kwa miguu, ili watalii wapate mahali pa kuegemea wakitazama. Na juu ya maji yale, ambayo sasa yalikuwa na rangi ya maji, wakaelesha kundi la mabata wa plastiki, weupe, wenye midomo ya rangi ya chungwa, kila mmoja na viti viwili, usukani wa mpini, na pedali za kukanyaga kama baiskeli. Hao ndio waliokuwa manowari za jiji letu.

Katika jiji hilo aliishi shujaa wetu, Msoma Mita, mwinua vifuniko, mshinda mbwa, asiyetishwa na buibui wa shimoni. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba hadi nyumba akisoma mita za maji, na hakuna uchochoro ambao hakuupita wala mbwa ambaye hakumfukuza. Maji aliyajua vema, lakini aliyajua yakiwa ndani ya mabomba, yakipita kwa utaratibu. Maji ya mto, yaliyojiendea yalikotaka bila kupimwa na mtu, yalimtia kiwewe, na kuogelea hakujua.

Naye shujaa huyo alikuwa na mama mkwe. Heshima na zimtangulie. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watoto wa zamani walimpa jina la Kengele, kwa vile akikohoa tu uwanja mzima ulijipanga mistari. Alikaa katika chumba cha uani nyumbani kwa binti yake, na tangu siku ya kwanza Msoma Mita alipofika kwake kujitambulisha, akakaribishwa, akakaa juu ya kiti cha marehemu baba mkwe, na kiti kikapasuka chini yake kwa mlio wa kutisha, mama huyo hakuwahi kumwelekezea neno hata moja. Yote yalipitia kwa binti.

"Mwambie mumeo taa ya chooni imeungua," alikuwa akisema mezani, na mume mwenyewe yupo hapo hapo, kijiko mdomoni.

"Mwambie mama nitaibadilisha leo," alijibu Msoma Mita.

Na binti, aliyekuwa fundi cherehani, alikaa katikati yao akipokea na kupeleka, mpaka siku moja akauliza kama posta inalipa mshahara au ni kujitolea.

Basi ikawa, wiki ile ile mto ulipofunguliwa kwa wananchi, Kengele akapanga nguo zake ndani ya begi. Alisema anahamia kwa mwanawe wa kiume, mji mwingine, mbali. Hakutoa sababu, naye binti hakuuliza, ila usiku ule mashine ya kushonea haikulia kabisa. Kulipokucha, fundi cherehani yule, ambaye hakuna tundu dogo asiloweza kupitisha uzi, alikuwa amekwisha tunga hila.

"Jumapili tunakwenda mtoni," akatangaza. "Sote."

"Mto ni mto," alisema Kengele. "Nimeishi nao miaka yote bila kuukalia ndani ya bata. Fedha zile wangejengea vyoo vya shule."

"Vyoo pia wamejenga, mama. Viko nyuma ya bustani."

"Hivyo nitavikagua," akasema Kengele. Na Jumapili akavaa viatu vyake vizuri.

Wakafika. Gatini alisimama mwanamke mmoja mwenye filimbi shingoni na kipaza sauti mkononi, amiri wa mabata yote, ambaye wake kwa waume walimtii. Akamvika Msoma Mita deraya, yaani jaketi la kuelea, lililomkaba hadi masikio yakasimama. Akamvika na Kengele, ambaye alilipokea kama mtu anayevishwa nishani iliyochelewa.

"Mama, tangulia ukae," alisema binti. "Mume wangu, ingia upande ule umshikie mama bata asiyumbe. Mimi nakuja kukaa mahali pako."

Msoma Mita akaingia. Akashika ukingo. Akageuka kumpisha mkewe, na hapo ndipo alipomwona mkewe akiinua mguu na kukisukuma kiuno cha bata kwa kisigino, kwa nguvu zote alizozipata kwa miaka ya kukanyaga cherehani.

"Nimesahau mkoba kwenye benchi," alisema, huku mkoba unaning'inia begani.

Bata akaliacha gati. Maji yakatanuka kati ya familia.

Enyi mnaosikiliza, wamekwisha imbwa mashujaa waliofungiwa pango moja na simba. Lakini simba hunguruma, na mtu akajua moyo wake umeelekea wapi. Kengele alinyamaza. Alitazama mbele. Msoma Mita naye alitazama mbele, na mbele yao shingo ya bata ilitazama mbele. Kila mmoja akatafuta kwa macho wa kumtuma ujumbe, na mjumbe wao alikuwa gatini akinunua karanga.

Hatimaye Kengele akakohoa.

"Ewe bata," akasema. "Mwambie huyo mtu akanyage. Hatukuja kuoza hapa."

Msoma Mita akafikiri kidogo. "Bata," akasema kwa unyenyekevu, "mweleze mama kwamba ninakanyaga. Tatizo ni kwamba mama anakanyaga kurudi nyuma."

"Bata, mwambie nakanyaga kurudi nyuma kwa sababu gati liko nyuma."

"Mwambie mama bata hageuki hivyo, kuna mpini."

Kengele akauona mpini. Akaushika kabla mwingine hajaunyooshea mkono, na kwa kuwa hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kushika kitu nusu nusu, akauvuta mpaka mwisho. Bata akazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mkondo, ambao mpaka hapo ulikuwa umejifanya haupo, ukambeba kwa ubavu, taratibu na kwa heshima, ukampeleka hadi chini ya daraja jembamba. Huko mdomo wake wa chungwa ukapenya kati ya nguzo na mnyororo wa maboya. Ukakaza. Bata akakwama.

Hapo juu ya daraja umma ukajaa. Watalii wakainama na kamera. Bwana mmoja mwenye kofia pana akaomba nafasi, akashika uzio kwa mikono miwili, akahutubia.

"Ndugu zangu mlioko majini," akasema, "msikate tamaa. Jiji linawaangalia."

"Tunaona," alijibu Kengele.

Kutoka gatini kipaza sauti kikakoroma. "Bata namba saba, tulieni hapo mlipo. Boti ya uokoaji ipo. Ila haijazinduliwa na meya, hairuhusiwi kuguswa. Tunatafuta kibali."

Msoma Mita akaitazama boti ile, imefungwa utepe mwekundu, inang'aa gatini. Akayatazama maji, meusi chini ya kivuli cha daraja. Nafsi yake ikateremka hadi kwenye soksi. Alishika ukingo wa bata mpaka vidole vikapauka, na pumzi zikamtoka fupi fupi.

Kengele akamgeukia. Alikuwa amewaona watoto wengi wakipumua hivyo, siku ya mtihani. Akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza bila kupitisha macho juu ya kichwa chake, akaiona mikono ile, iliyojaa makovu ya vifuniko vya chuma.

"Hujui kuogelea," akasema. Hakumwambia bata.

"Sijui, mama."

"Na ukaingia."

"Niliambiwa nikushikie usiyumbe."

Kengele akainamisha kichwa, na juu ya daraja bwana wa kofia pana, akidhani ni maombi, akaivua kofia.

"Kile kiti," alisema Kengele, akitazama pedali zake, "hukukivunja wewe. Mguu wa nyuma ulikuwa umeoza tangu mwenyewe yuko hai. Alikuwa anaufunga waya. Nilipobaki peke yangu nikakiegemeza ukutani, mtu asije akakikalia. Siku ile mliyokuja nilifurahi, nikapiga deki, nikapanga viti, nikakisogeza na chenyewe mezani. Nikasahau. Mimi mwenyewe. Kilipopasuka, ilibidi nimkasirikie mtu, na wewe ndiye uliyekuwa chini sakafuni."

Kamusi nzima ya mashujaa ilifunguka mbele ya Msoma Mita, na hakuna neno lililomfaa. Akauliza tu, "Alikuwa anakaaje, mama?"

"Nani?"

"Baba. Kwenye kile kiti."

Kengele akafikiri. Mdomo wake ukatikisika upande mmoja, nusu kicheko, nusu kitu kingine.

"Upande upande," akasema. "Kama mtu anayetaka kuondoka. Halafu anakaa hapo hapo mpaka chai inapoa. Nilikuwa namgombeza." Akajifuta pua kwa kamba ya jaketi. "Nimefungasha nguo kwa sababu nimechoka kuwa mtu anayenyamaza, basi. Hata kunyamaza ni kazi, mwanangu, na sikuzaliwa nayo."

Mwanangu. Neno hilo likagonga nguzo za daraja, likarudi. Msoma Mita akalisikia mara mbili.

"Sasa sikiliza," akasema Kengele, na sauti ikapanda ile ngazi yake ya zamani, hata wapita njia wawili walioko ng'ambo wakajikuta wamesimama mstari. "Boti hawatupi. Bata huyu ana pedali nne na miguu minne ipo. Tunakanyaga kurudi nyuma, wote pamoja, kwa hesabu yangu. Mpini ushike wewe."

"Nishike mimi?"

"Unasoma namba maisha yako yote, utashindwa kunyoosha mpini? Haya. Kushoto."

Wakakanyaga kushoto. Bata akaguna.

"Kulia. Usikimbie. Kushoto. Hivyo hivyo. Kulia."

Naam, hapo ndipo pigano lilipokolea. Maji yakachemka nyuma ya bata, mnyororo ukalia, jasho la shujaa likatiririka ndani ya deraya. Magoti ya Kengele, ambayo daktari alikwisha yakataza ngazi, yakapanda na kushuka kama magoti ya msichana anayeruka kamba. Juu ya daraja umma ukaanza kuhesabu nao, kushoto, kulia, watalii wakihesabu kwa lugha zao. Mdomo wa chungwa ukasogea upana wa ukucha. Ukasogea upana wa kidole. Kisha mnyororo ukaachia kwa mlio wa kizibo, na bata namba saba akatoka kinyumenyume kwenye mwanga wa jua, akiwa na mkwaruzo mmoja puani, mzima, mtukufu, akielekea gatini kwa makalio.

Umma ukapiga makofi. Bwana wa kofia pana akapeana mikono na watu asiowajua, kana kwamba ndiye aliyekanyaga.

Safari hiyo ilikuwa na urefu gani? Watu wa chuki watawaambieni kwamba kutoka daraja hadi gati mtu mwenye afya humaliza kabla hajamaliza karanga za mkononi. Waacheni waseme. Hao hawakuwamo ndani ya bata. Na wakiwauliza vita vilileta nini, waambieni kwamba siku iliyofuata nguo zote za begi zilionekana kwenye kamba ya uani, zimefuliwa upya ingawa hazikuwa chafu, na kwamba tangu hapo fundi cherehani hulazimika kupiga kelele ndipo apewe nafasi ya kusema mezani.

Lakini niwarudishe gatini, kwa maana hapo ndipo historia ilipoweka mguu. Mwanamke wa filimbi akamvuta bata kwa ndoano. Fundi cherehani alisimama nyuma yake, mkoba begani, karanga zimemwagika, akitazama nyuso zile mbili kama anayesoma vipimo asivyoviamini. Msoma Mita akashuka kwanza, suruali imelowa hadi magotini, akanyoosha mkono. Kengele akaushika mkono ule, akapanda mbaoni, akanyoosha sketi yake, akamtazama mkwewe kuanzia viatu hadi masikio.

"Umekula?" akamuuliza.

Falme zimekabidhiwa kwa maneno mengi kuliko hayo, wala hazikudumu. Upepo ukatulia juu ya maji. Hata kipaza sauti kikanyamaza. Na Msoma Mita, mshinda mbwa, mkombozi wa bata, akatoa jibu ambalo naiomba manispaa ilichonge kwenye lile jiwe jeupe la mlangoni pa bustani, ambalo mpaka leo hawajaafikiana waandike nini juu yake:

"Bado, mama."