Kandambili Ndani ya Shokapu

Tapeli anaweza kupoteza viatu, nyumba, hata jina lake, na bado akaendelea na kazi. Akipoteza jino la mbele, amekwisha. Asali aligundua hivyo siku jino lake lilipobaki kwenye mfupa wa kuku, tena kuku wa arusi asiyoalikwa. Tangu hapo kila alipoanza kumwaga maneno matamu yaliyompa jina lake, upepo ulipita pengoni ukapiga mluzi, na watu wakamtazama mdomo badala ya kumwamini. Alishindwa hata kumuuzia mlevi saa isiyo na mishale.

"Nenda kwa daktari wa meno wa pale barabarani," shangazi yake alimshauri. "Ana roho nzuri."

Basi tunamkuta Asali kwenye kiti cha daktari, mfuko mtupu, mdomo wazi, macho yakizunguka ukutani. Ukuta ulijaa baiskeli. Daktari, mtu mnene mwenye mikono ya baridi, alikuwa na ugonjwa wa baiskeli za kale za milimani, na hakuna aliyewahi kumponya kwa sababu hakutaka kupona. Katikati ya baiskeli hizo kulikuwa na misumari miwili mitupu.

"Na hapo, daktari, pana nini?" Asali akauliza, mluzi ukimsindikiza.

"Hapo panasubiri moja ya zile za mwanzo kuwekwa shokapu mbele," daktari akasema, sauti ikamlegea. "Zile ambazo ndani hazina springi ya chuma. Zina vipande vya mpira, kimoja juu ya kingine. Mtu akiniletea, namwekea jino wala simdai kitu."

Asali akafunga mdomo taratibu. Baiskeli ya namna hiyo alikuwa ameiona, tena ikiwa imetundikiwa magauni.

Ilikuwa kwa shangazi yake huyo huyo, mshona nguo. Marehemu mumewe aliipenda kuliko kitanda chake. Tangu afiwe, shangazi aliiegemeza ukutani nyuma ya cherehani, usukani ukabeba nguo za wateja. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiwa na meno machache yasiyosalimiana, na kila alipocheka alijiziba mdomo kwa mkono. Hilo lilimuuma kuliko alivyosema, maana alikuwa mwanamke wa kucheka.

Asali alibonyeza usukani. Uma wa mbele, wenye shokapu, haukushuka hata kidogo, ulibaki wima kama askari. Akafungua boliti ya juu, akachovya kidole: mpira ulikuwa umezeeka mpaka ukawa uji mweusi wa kunata. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini yeye alipata hotuba.

"Shangazi, unalala nyumba moja na kitu hiki?"

"Kimefanya nini?"

"Shokapu zimeoza. Nusa." Akampelekea kidole. "Mpira ukifika hapa unatoa mvuke. Mvuke unaingia kwenye magauni, magauni yanaingia mwilini mwa wateja. Mimi siogopi kwa ajili yangu, naogopa jina lako."

Shangazi akanusa, akakunja uso. "Kumbe ndiyo maana yule bibi arusi alipiga chafya."

"Umeona sasa."

"Na nani atanibebea, mwanangu? Chuma kizito, na magoti yangu ndiyo haya."

"Kwani mimi nipo kwa ajili gani?"

Alimwachia mti wa kutundikia nguo aliouokota mahali, wenye mguu mmoja mfupi, akaondoka na baiskeli huku shangazi akimwombea dua mlangoni. Dua ile ilimchoma kidogo, ila si kiasi cha kumrudisha.

Kazi ilikuwa chafu. Siku nzima alikwangua uji ule kwa kijiko na mafuta ya taa, akajipaka mpaka masikioni. Palipobaki safi pakadai mpira mpya. Vipande vya namna ile havikuwa tena dukani, na mwenye subira angetafuta mpira mgumu akauchonga. Asali hakuwa na subira. Alikuwa na kandambili za bafuni za shangazi, nene, laini, za samawati, ambazo kwa bahati mbaya alitoka nazo miguuni. Alikata viduara kwa bomba alilolinoa, akavipaka rangi ya njano kuficha samawati, akavipanga, akafunga. Akabonyeza: uma ukashuka, ukapanda. Akabonyeza tena. Hakubonyeza mara ya tatu, kwa kuwa tapeli mwenye hekima haichunguzi sana kazi yake.

Daktari alipoiona nusura alie.

"Mpira wake ni wa asili?"

"Daktari, mpira huo umenizidi umri. Mimi nausalimia shikamoo."

Jino likawekwa siku hiyo hiyo, jeupe, zuri, kama la mtu mwaminifu.

"Nimelibandika kwa gundi ya majaribio," daktari akasema akinawa mikono. "Ndivyo nifanyavyo. Jino likae nawe, mzoeane. Na mimi nipande baiskeli, tuzoeane. Mwezi ujao njoo niweke gundi ya kudumu."

Mwezi ule ulikuwa mtamu. Mluzi ulikoma, maneno yakarudi, na yule mlevi akanunua saa mbili.

Siku ya miadi Asali aliingia akitabasamu. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa sakafuni, uma wazi. Kwenye sinia ya vifaa kulikuwa na viduara vya njano, vimebonyea vikawa vyembamba kama sarafu. Na kwenye kiti cha daktari alikaa shangazi yake.

"Nilifika nayo sokoni tu, shokapu zikalala," daktari akasema bila hasira. "Kandambili imejaa hewa. Ikishabonyea haiinuki. Kesho yake huyu mama akaja."

Shangazi alichukua kiduara kimoja, akakikwaruza kwa ukucha. Njano ikatoka, samawati ikachungulia.

"Mwezi mzima naoga peku," akasema.

Mapajani alikuwa na kopo la biskuti. Ndani, juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa poda, vililala vipande vya mpira vya kweli, imara, vya akiba.

"Marehemu aliviweka gizani," akasema. "Alikuwa akisema mpira hauogopi kazi, unaogopa jua."

Asali alihisi jino likimcheza. "Shangazi, ulijua?"

"Nani alikutuma kwa daktari huyu?"

Asali akaigeukia misumari miwili ukutani.

"Nilikuja kuuliza bei ya meno, nikarudi nalia. Lakini niliiona misumari ile, nikauliza inasubiri nini. Ningekuomba uibebe baiskeli na kuikwangua, ungesema mgongo unauma. Nikaona nikuache uiibe."

"Na mimi nilikuwa nimeshaipenda," daktari akaongeza kwa huzuni. "Nikamwekea meno yote, naye anipe vipande hivi."

Kisha akamwambia Asali afungue mdomo. Hakuhitaji sindano wala koleo. Vidole viwili vilitosha. Jino akampa shangazi, naye akalifunga kwenye kitambaa, akalilaza koponi mahali pa mpira.

"Utalipata siku utakayoniletea kandambili," akasema. "Za kununua."

"Shangazi, tafadhali," Asali akasema, na mluzi ukajaa chumba kizima.

Shangazi akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, meno yote mapya yakaonekana, na mkono wake haukukumbuka kupanda mdomoni.