Nilivyozama Kwenye Maji ya Magotini

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimekubali. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaiona video, maana ipo.

Wengi wenu mnajua nasoma shahada ya uzamili ya biolojia hapa Mwanza. Utafiti wangu ni wa konokono wa ziwani, wale wanaobeba vimelea vya kichocho. Kwa mwaka mzima sasa kazi yangu imekuwa kuwakataza watu kuingia ziwani. Nimemkataza mama mwenye nyumba. Nimemkataza kinyozi. Mchumba wangu aliwahi kutaka tupige picha ufukweni, tumelowesha miguu, nikampa maelezo ya dakika ishirini. (Picha tulipigia stendi.)

Ijumaa msimamizi wangu, Dokta Kabula, aliniita ofisini. Akasema leo niwaongoze wanafunzi wa shahada ya kwanza, mwaka wa pili, kwenda kukusanya konokono. Yeye atakuja lakini atakaa pembeni, hatatia neno. Nikifanya vizuri, masomo ya vitendo ya muhula mzima ni yangu. Dokta Kabula ni mtu wa maneno machache. Akikusifia anasema "sawa". Akikasirika anasema "sawa" vilevile. Kumwelewa kunahitaji uzoefu.

Nilijiandaa. Hotuba niliifanyia mazoezi mbele ya kioo, na mikono nikaipangia pa kukaa. Tatizo lilikuwa gambuti. Stoo ya idara ilikuwa imebaki na jozi moja tu, namba arobaini na nne. Mimi navaa arobaini na moja. Nikavaa soksi tatu tatu, nikaona hilo limekwisha.

Saa tatu asubuhi tulikuwa ufukweni: wanafunzi ishirini na nane, mimi, na Dokta Kabula chini ya mwavuli wake. Nikawapanga kwenye mawe, nikaanza. Nikawaeleza kwamba kimelea kinatoka kwa konokono kikiwa kidogo kiasi cha kutoonekana, kinaogelea, kinapenya ngozi, na wewe husikii chochote. Kwa hiyo hakuna kuingia majini, kwa hali yoyote ile. Nikamalizia na vipimo na dawa za kichocho. Niliongea vizuri, siwafichi. Walikuwa wanaandika.

Neema, kiongozi wa darasa, akauliza mtu akidondoka kwa bahati mbaya afanyeje. Nikamjibu kwamba mtafiti makini hadondoki. Hilo nalo wakaliandika.

Hatua kama kumi kutoka pale, akina mama wanne walikuwa wamesimama majini wanafua. Ningenyamaza tu. Lakini Dokta alikuwa anatazama, nikaona ni nafasi ya kuonyesha kwamba elimu yangu inaifikia jamii. Nikamsalimia aliyeonekana mkubwa wao, mama mmoja mwenye kilemba cha njano. Shikamoo, marahaba, vizuri kabisa. Nikampa somo lote la vimelea, kwa sauti, ili na darasa lisikie. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakamua shuka. Kisha akaniuliza:

"Na maji ya kufulia umetuletea?"

Nikasema sijaleta. Akasema bomba la mtaani kwao lina siku nne halijatoa hata tone, na watoto kesho wanatakiwa shuleni wakiwa na sare safi. Akarudi kwenye shuka lake. (Kwenye kioo nyumbani hakuna aliyeniuliza swali hilo.) Dokta Kabula akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nikataka kulifuta doa hilo haraka. Nikachukua chujio lenye mpini mrefu, nikasogea ukingoni mwa jiwe, nikawaonyesha jinsi ya kuchota konokono kwenye majani bila kugusa maji. Nikapata wawili, wadogo. Mbele kidogo, kwenye shina la tete, nikamwona mmoja mkubwa, mzuri, konokono wa kumwonyesha msimamizi. Nikajinyoosha.

Gambuti la kulia lilibaki kwenye jiwe. Mimi niliendelea.

Niliingia kwa kichwa. Mwili wote, miwani, chujio, na wale konokono wawili niliokuwa nimeshawapata. Gambuti la kushoto likajaa maji likawa zito kama jiwe la kusagia.

Sasa nikiri jambo. Mimi ni mtoto wa Magu. Nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, maji yanakufika kwenye kifundo cha mguu, basi. Kuogelea sijui. Nilipotoa kichwa nje nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuishi. Nikapiga kelele kwamba nazama. Nikamwita mama yangu mzazi. Nikamwita Dokta Kabula kwa jina lake, bila udokta. Wanafunzi wote walisimama juu ya mawe wananitazama kwa huruma, mmoja ananirekodi kwa simu, na hakuna aliyesogea, kwa sababu niliwaambia wasiingie majini kwa hali yoyote ile. (Darasa sikivu sana.)

Yule mama wa kilemba cha njano akaweka shuka begani, akaja taratibu, akasimama karibu yangu.

"Simama," akasema.

"Mama, nazama!"

"Mwanangu. Simama."

Nikasimama. Maji yalikuwa magotini.

Ningependa wanafunzi wangecheka palepale tukamaliza, lakini walijizuia kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko kicheko. Mama akanishika mkono akanirudisha kwenye jiwe kama mtoto wa chekechea. Akatoa kitenge kikavu kwenye mfuko wake, akanifunga mwenyewe kiunoni, akaniambia nisikae kwenye upepo.

Dokta Kabula akafunga mwavuli. Akaligeukia darasa, akawauliza ni sehemu gani ya ngozi yangu imegusa maji. Wakajibu yote. Akauliza kama nikameze dawa leo hii. Neema akasema leo haitanisaidia sana, kwa kuwa minyoo bado itakuwa michanga. Nisubiri wiki nane, nipimwe kinyesi, yakionekana mayai nimeze dawa. Hakukosea hata neno moja. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, nusu saa kabla.

"Sawa," akasema Dokta.

Tukiwa tunaelekea kwenye basi la chuo nikamuuliza, nikiwa nashikilia kitenge, masomo ya vitendo atampa nani. Akasema ni yangu. Hajawahi kuona darasa likijibu vizuri vile siku ya kwanza. Ila nikimrudishia yule mama kitenge chake, nikae chini nimuulize habari za bomba, niandike anachosema, na hotuba niiache nyumbani. Akasema utafiti wa kichocho usiojua watu wanafulia wapi na kwa nini ni hesabu ya konokono tu. Niliona aibu kuliko nilipokuwa majini, maana hiyo ya sasa ilikuwa ya haki.

Nikadhani yamekwisha. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nimeegemea dirisha, najifanya nimelala. Neema akaja, akanigusa bega kwa adabu zote, akasema darasa limemtuma.

"Samahani, mwalimu. Zikifika hizo wiki nane, kile kinyesi utapeleka hospitali, au tukipime sisi?"

Miaka mitano nasomea biolojia ili niwe mtafiti, na hakuna aliyenidokeza kwamba kuna siku nitakuwa sampuli.